Dole la Nne Kutoka Juu

Watu wengine huzaliwa na jino, wengine na alama shavuni. Bi Maini alizaliwa na kinyaa. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto yule, hata kabla hajajua kutembea, akimwagikiwa uji kifuani analia mpaka abadilishwe nguo. Alipokua hakunywa maji kwenye glasi ambayo hakuiosha mwenyewe, na akikuta unywele kwenye sahani, mlo wa siku hiyo umekwisha.

"Wewe utaolewa na nani?" mama yake alikuwa akimuuliza. "Malaika?"

Hakuolewa na malaika. Aliolewa na fundi cherehani, na alipofika miaka kumi na tisa akaajiriwa kupasua papa.

Mji wao wakati huo ulikuwa mtaa mmoja na nusu: ofisi ya ushuru, shule, hospitali yenye vitanda ishirini, na pale ufukweni, kiwanda cha mafuta ya papa. Papa walishushwa asubuhi, wakapasuliwa matumbo, maini yakatolewa na kupikwa kwenye tangi kubwa la chuma mpaka mafuta yapande juu. Mafuta mazuri yalitiwa kwenye mapipa na kwenda ng'ambo kutengenezewa dawa. Yaliyobaki yalipelekwa shuleni, kila mtoto kijiko kimoja kabla ya hesabu. Mizoga ilitupwa nyuma ya kiwanda, maji yakaichukua, na jioni maji yaleyale yakairudisha, imevimba, imegeuka rangi, imejaa inzi.

Na harufu. Ukiilinganisha na ile, harufu ya samaki ni marashi. Iliingia kwenye mito ya kulalia, kwenye mkate, kwenye nywele za wachanga. Mgeni akifika mjini alikuwa akiuliza kwa adabu kama kuna mnyama amekufa karibu. Wenyeji walijibu, "Sisi tumezoea." Katika mji uliojaa waongo, huo ndio uongo pekee waliokubaliana wote.

Wanawake wa meza ya kupasulia walikuwa saba. Mjini waliitwa Manuka. Jina la Bi Maini lilitoka kwa mwenye duka la kona, aliyemwambia siku moja mbele ya foleni nzima, "Bi Maini, sogea pembeni kidogo, wenzako wapumue." Foleni ikacheka, na jina likamganda kama luba. Nyumbani mambo hayakuwa nafuu. Fundi cherehani alimtengea beseni lake, kamba yake ya kuanikia na mkeka wake barazani. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kumwinulia mkono, lakini kila jioni alikuwa akigeuza uso mke wake akipita, na baada ya miaka michache Bi Maini alijikuta akipita haraka ili amwondolee mume taabu ya kugeuka.

Aliyemfanya avumilie alikuwa mwenzake wa upande wa pili wa meza, mwanamke mwembamba waliyemwita Kicheko. Kicheko alikuwa na mdomo usio na breki. "Ukimchoka mumeo," alikuwa akisema huku mikono imezama tumboni mwa papa, "usipoteze maneno. Mkumbatie tu." Au, "Sisi tukifa hawatatuosha. Watatuanika." Meza nzima ilikuwa ikicheka mpaka visu vinasimama, na Bi Maini, ambaye kila asubuhi alitapika mara moja nyuma ya ukuta kabla ya kuanza kazi, alikuwa akisahau kwa dakika mbili tatu mikono yake iko wapi.

Juu yao alikuwepo Nyapara. Alivaa shati jeupe na kitambaa cha manukato puani, na alitembea na mwiko mrefu wa kukorogea, akiwadunga wanawake mbavuni na mapajani kama anayepima nyama imeiva au bado. Akimaliza kudunga mtu alikuwa akiufuta ule mwiko.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mkorogaji wa tangi alikuwa mgonjwa. Nyapara akaangaza macho mezani, akamwonyesha Kicheko ngazi. Kule juu palikuwa na ubao wa kusimamia, na ubao ule ulikuwa na utelezi wa miaka. Kizuizi chake kilikuwa kimevunjika tangu mvua zilizopita. Wanawake walikuwa wamemweleza Nyapara mara tatu.

"Bosi, pale panateleza," Kicheko alisema.

"Vua viatu."

Kicheko akavua, akavipanga vizuri chini ya ngazi, akapanda. Alikoroga kama nusu saa. Akageuka kuwaambia wenzake jambo, bila shaka utani, maana midomo yake ilikuwa imeshaanza kucheka, na mguu mmoja ukateleza. Alizama mpaka kifuani. Bi Maini ndiye aliyefika wa kwanza juu, akamshika mikono na kuvuta, na ngozi ya mikono ile ikamjia mkononi kama soksi.

Kicheko alikaa hospitalini siku tatu, akafa. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Wiki moja baada ya mazishi Nyapara aliwaita wale sita waliobaki ofisini kwake. Mezani palikuwa na karatasi na kidau cha wino. Hawakujua kusoma, naye hakuwadanganya, alisoma yote kwa sauti, pole pole. Kwamba marehemu alikuja kazini akiwa amelewa. Kwamba alipanda juu ya tangi kwa ukaidi wake, baada ya kukatazwa mara mbili. Kwamba kiwanda hakina lawama.

Kicheko hakuwahi kuonja pombe maishani mwake.

"Ni dole tu," Nyapara alisema. "Asiyetaka, mlango uko wazi, lakini akitoka asirudi."

Watatu wakatia. Bi Maini alikuwa wa nne. Nyumbani alikuwa na binti mchanga, na cherehani ya mume ilikuwa mbovu mwezi wa pili. Alijiambia hayo yote wakati dole lake linashuka. Alijiambia pia kwamba Kicheko hawezi kurudi hata wakikataa wote sita. Maneno ya aina hiyo huja yenyewe, hayahitaji kuitwa. Walipokuwa wakitoka, Nyapara alimpa kila mmoja mche wa sabuni mpya.

Jioni ile Bi Maini aliukata mche ule vipande, akaoga mara tatu. Harufu haikutoka. Tangu siku hiyo hakujua tena kama kinachonuka ni maini au ni yeye.

Ndugu wa Kicheko walipata aibu mahali pa fidia. Mama yao akaitwa mama wa mlevi mpaka akafa. Aliyebaki alikuwa mdogo wake Kicheko, mfuaji wa mashuka ya hospitali, ambaye kila akimwona mmoja wa wale sita mbele yake alikuwa akivuka barabara. Hakutukana wala hakutema mate. Alivuka tu.

Miaka ikapita. Ng'ambo wakagundua namna ya kutengeneza dawa zao bila papa, na kiwanda kikafungwa kwa tangazo la mistari miwili lililobandikwa getini. Popo wakahamia. Harufu ilichukua masika mawili kwisha, na ilipokwisha mji ukajikuta una bahari. Zikajengwa hoteli pale ilipokuwa ikitupwa mizoga, watu wakaja kutoka mbali wakalala mchangani wakiwa nusu uchi, na mtaa mmoja na nusu ukawa mitaa tisa. Fundi cherehani akafariki. Wanawake wa meza nao wakaondoka mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki Bi Maini peke yake. Binti yake, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alimfundisha kusoma akiwa na miaka sitini na mbili, kwa vitabu vya darasa la kwanza. Bi Maini alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akijiliwaza kwamba haraka za nini, hakuna aliyemngoja.

Kisha baraza la mji likaamua kwamba mji lazima uwe na historia, kwa kuwa mji wa jirani ulikuwa nayo na wageni wakaipenda. Kiwanda kikapakwa chokaa kikawa makumbusho. Wakamleta kijana mwenye miwani, msomi, mwenye adabu zake, awe mtunzaji. Ndiye aliyekwenda nyumbani kwa Bi Maini.

"Bibi, wewe ndiye uliyebaki," alimwambia. "Tunakuomba ukae pale asubuhi tatu kwa wiki, uwaonyeshe wageni kazi ilivyokuwa. Tumeshanunua papa wa mpira."

Binti yake alipinga. "Mama, ulitapika kila siku miaka kumi na minne. Unarudi kufanya nini?"

"Nataka kuona wamesema nini," alijibu.

Walikuwa wamesema mambo mazuri. Kuta zilikuwa nyeupe na sakafu ilinukia ndimu. Tangi lilikuwa limeng'arishwa na kuzungushiwa kamba nyekundu. Picha ya wanawake wa meza ilikuwa imekuzwa, na chini yake imeandikwa kwamba hao walikuwa wafanyakazi wenye furaha. Wanawake walikuwa sita. Picha ilipigwa mwezi uleule aliokufa Kicheko.

"Mjukuu wangu," Bi Maini alimwambia mtunzaji, "hapa pamekosekana kitu."

"Kitu gani, bibi?"

"Inzi."

Kijana akacheka, akaandika kwenye daftari lake.

Kwa ajili ya ufunguzi, diwani alikataa papa wa mpira. Alitaka papa wa kweli, apasuliwe mbele ya wageni, wapigapicha wapate kazi. Papa akanunuliwa. Lakini mgeni rasmi aliugua, sherehe ikaahirishwa siku mbili, na papa akalala stoo na barafu iliyoyeyuka siku ya kwanza. Hakuna aliyekumbuka kumwangalia. Mgeni rasmi mwenyewe alikuwa ni Nyapara.

Alikuwa na miaka tisini na moja. Alikuwa ameupa mji zawadi ya sanduku zima la karatasi zake za zamani, na mtunzaji, akiwa mbioni, alikuwa ametia chache kwenye fremu za kioo usiku wa kuamkia sherehe. Asubuhi Bi Maini akajifunga aproni, akageuka kutafuta mahali pa kutundika kitenge chake, akakutana uso kwa uso na karatasi yenye madole sita. Chini yake palikuwa na maelezo mapya: "Madole gumba ya wafanyakazi, ishara ya umoja wao na uongozi wa kiwanda."

Dole la nne kutoka juu lilikuwa na mstari uliokatiza katikati. Bi Maini akatazama dole lake la mkono wa kulia. Kovu la kisu lilikuwa palepale. Akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kusoma kama darasa la kwanza. Ma-re-he-mu. A-ki-wa. A-me-le-wa. Alijua kila neno kabla hajalifikia. Hata hivyo alisoma mpaka mwisho, na alipomaliza mdomo ulikuwa umejaa mate ya kichefuchefu, yaleyale ya nyuma ya ukuta.

Wageni wakaingia. Diwani akasimama kuhutubia, mtu mnene aliyejaa shukrani. Akasema mji huu umejengwa na mafuta ya papa. Akasema yeye mwenyewe alipewa kijiko kila asubuhi shuleni, na kama wanauliza siri ya afya yake, ndiyo hiyo. Watu wakapiga makofi. Nyapara alikuwa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, shati jeupe, mjukuu wake wa kike nyuma akikishika kiti.

Bi Maini akaambiwa apasue.

Mikono haikusahau. Kisu kiliingia chini ya pezi kikashuka, na tumbo likafunguka kwa mlio kama wa mtu anayeshusha pumzi. Ini likateleza mezani, la kijani, limelainika kama uji. Halafu harufu ikapanda. Mstari wa mbele ukarudi nyuma wote kwa pamoja, wanawake wakajiziba kwa mitandio, mpigapicha akaiacha kamera ikining'inia shingoni. Mtunzaji alikuwa amegeuka rangi. Ndimu ya sakafuni haikufua dafu.

Ni mtu mmoja tu hakuziba pua. Nyapara alikuwa akivuta hewa ile taratibu, macho yamelegea, kama mtu aliyerudi nyumbani.

"Hivi ndivyo maendeleo yalivyonuka," alisema, na sauti yake ilikuwa bado na nguvu. Akamtazama Bi Maini. "Wewe ulikuwa meza ya kupasulia. Na yule mwenzako yuko wapi, yule aliyekuwa akituchekesha? Mbona hamkumleta?"

Bi Maini alidhani anadhihakiwa. Akamkazia macho, akatafuta kebehi katika uso ule uliokunjamana, asiipate. Mzee alikuwa anauliza kwa moyo mweupe. Alikuwa amesahau. Kwa miaka hamsini na tatu yeye alikuwa amebeba kitu kile kama jiwe kwenye kiatu, na huyu alikuwa amekiacha njiani bila hata kujua kimeanguka.

"Yuko ukutani," Bi Maini alijibu. "Ngoja nikusomee."

Akaifuta mikono kwenye aproni, akaenda kwenye fremu, akasoma. Alisoma pole pole, kwa sababu hakujua kusoma kwa namna nyingine, na ule mwendo wa pole pole ukawafanya watu wasikie kila neno. Diwani alijaribu kusema kwamba ratiba imebana. Hakuna aliyemsikiliza. Alipomaliza, Bi Maini aliwageukia.

"Hakuwa amelewa. Alipandishwa kwa amri, kwenye ubao tuliosema mara tatu kwamba unateleza. Mimi nilikuwepo. Dole hili la nne ni langu. Nilijua ni uongo, nikatia."

Inzi wa kwanza alikuwa ameshafika, akazunguka juu ya ini.

"Ah," Nyapara alisema, uso ukang'aa. Alikuwa amekumbuka. "Yule wa tangi. Ndiyo, ndiyo. Masikini." Akatikisa kichwa, kisha akainua kidole, kama mtu anayetaka kumbukumbu ziwekwe sawa. "Lakini kazi haikusimama. Mwaka ule hatukumwaga hata pipa moja."

Mjukuu wake aliachia mikono ya kiti.

Ilichukua muda kidogo maana ya maneno yale kuenea chumbani, kama wino kwenye shuka. Hatukumwaga hata pipa moja. Bi Maini mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Siku ile alikuwa ametoka na Kicheko kwenda hospitali, na aliporudi kesho yake tangi lilikuwa tupu limeoshwa, akadhani mafuta yale yamemwagwa. Akamtazama diwani. Diwani alikuwa akihesabu kwa midomo: mwaka ule, darasa lile, kijiko kile. Kisha akaweka mkono mdomoni, akatoka mbio kuelekea mlangoni, asifike. Alitapika juu ya kamba nyekundu.

Sherehe ikaishia hapo. Hotuba tatu zilizobaki hazikusomwa.

Mtunzaji alikuja kwa Bi Maini kesho yake, macho mekundu. "Bibi, nilisoma mstari wa kwanza na wa mwisho tu," alisema. "Niliona madole yanapendeza. Naona aibu."

"Aibu yako ni ya siku mbili," Bi Maini alimwambia. "Kaa, andika."

Akamweleza yote, kuanzia viatu vilivyopangwa chini ya ngazi. Kijana alipofika kwenye karatasi, aliandika kwamba wafanyakazi walilazimishwa. Bi Maini akamfanya asome alichoandika, kisha akamwambia afute. Waliogopa, alisema, na kuogopa na kulazimishwa si neno moja. Mlango ulikuwa wazi kweli.

Baraza lilifunga makumbusho kwa kile lilichokiita ukarabati. Walipofungua tena, baada ya miezi minne, maelezo mapya yalikuwepo kwenye fremu, kwa herufi ndogo kuliko za maelezo mengine, lakini yalikuwepo, na neno furaha lilikuwa limeondolewa chini ya picha. Vijiko vya shule, vilivyokuwa vimepangwa kabatini, viliondolewa pia, na hakuna aliyeuliza vimekwenda wapi. Nyapara alikufa kabla ya hapo, usingizini. Barabara ya kwenda hoteli kubwa ikapewa jina lake vilevile, maana kibao kilikuwa kimeshachongwa. Bi Maini hakwenda kuzika, wala hakurudi kukaa na papa wa mpira.

Alikuwa na safari nyingine, na aliiahirisha wiki sita. Siku alipoamua, alikwenda kwa miguu mpaka nyuma ya hospitali, kwenye nyumba ya chumba kimoja, akabisha. Mdogo wake Kicheko alikuwa kizingitini akichambua mchele kwenye ungo. Nywele zilikuwa nyeupe tupu. Hapakuwa na barabara ya kuvuka.

Bi Maini alisema aliyokuja kusema, amesimama, na hakujaribu kulia. Mwenzake alisikiliza bila kuinua kichwa, akitupa vijiwe kimoja kimoja uani.

"Nilikuwa nafua mashuka yake," alisema mwishowe. "Siku zile tatu. Mimi ndiye niliyeyafua. Alikuwa ananinong'oneza yalivyokuwa. Unadhani unaniletea habari?"

"Najua siyo habari."

"Basi umechelewa."

"Nimechelewa," Bi Maini alikubali.

Mchele ukachambuliwa mpaka ukaisha. Mwenye nyumba akaukung'uta ungo, akainuka akijishika kiuno, akasimama mlangoni kwa muda kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta.

"Leo sina la kukuambia," alisema. "Njoo kesho. Saa nne, nikishafagia."

Bi Maini alikwenda kesho yake, saa nne. Walikaa kwenye ngazi ya nyuma, pakiwa na nafasi ya mtu mmoja katikati yao, wakaongea juu ya magoti, bei ya mkaa, na mvua ambayo mwaka ule ilikuwa imekataa kunyesha.